Kompyuta ya injini ya pikapu: ipime kwanza, ndipo uibadilishe

Swali huja vilevile kila mara: pikapu inapiga stata lakini haiwaki, fundi kasema kompyuta imekufa, je, ninunue ipi? Jibu langu nalo halibadiliki: usinunue bado. Kompyuta ya injini, ambayo mafundi wengi huiita kontrolboksi, ni kifaa kinacholaumiwa kwanza na kufa mwisho. Nyingi nilizoletewa kama mbovu zilikuwa nzima kabisa. Ugonjwa ulikuwa kwenye fyuzi, kwenye waya wa ethi (unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri) ulioota kutu, au kwenye sensa moja iliyopiga shoti na kuwaangusha wenzake wote.

Mwongozo huu ni wa pikapu za petroli na dizeli zenye soketi ya OBD-II, yaani ya kupimia hitilafu, ile ya pini 16 iliyo chini ya dashibodi upande wa dereva. Magari yaliyouzwa Marekani yanayo tangu modeli za 1996. Kama yako ni ya zamani zaidi, kusoma kodi (namba za hitilafu zinazohifadhiwa na kompyuta) ni tofauti, ila vipimo vya umeme ni hivihivi.

Andaa hivi kabla hujagusa kitu

- Mchoro wa nyaya wa gari lako hasa: modeli, mwaka na aina ya injini. Bila mchoro utakuwa unachomachoma pini kwa kubahatisha, na kubahatisha ndiko kunakoua kompyuta nzima.
- Multimita ya dijitali.
- Taa ya kupimia yenye balbu ya kawaida. Kwa nyaya za umeme mkubwa, tafuta balbu ya wati 21 na uiungie nyaya mbili.
- Mashine ya kusomea kodi za hitilafu. Ya bei ndogo inatosha kupima. Kuprogramu ni kazi nyingine, tutaifikia.
- Chaja ya betri, soketi na spana (namba 10 ndiyo utakayoitumia zaidi), bisibisi, dawa ya kusafishia soketi za umeme, na simu ya kupigia picha kila kitu kabla hujakifungua.

Dalili zinazostahili kutiliwa shaka

Injini inazimika ikipata moto na kuwaka tena ikipoa. Silinda moja imekufa ingawa injekta na koili yake ni nzima. Mashine ya kodi inaongea na breki na mkoba wa hewa lakini haiipati injini. Feni ya rejeta inazunguka muda wote bila sababu. Kila dalili hapo ina washukiwa wengine watano mbele ya kompyuta, kwa hiyo twende kwa utaratibu.

## Sehemu ya kwanza: kupima

1. Anza na betri. Ikiwa imetulia, betri iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Chini ya 12.2, ichaji kwanza ndipo uendelee. Ukipiga stata, isishuke chini ya 9.6. Kompyuta iliyokosa volti hutoa kodi za ajabu ajabu na kukata mawasiliano, halafu mtu anadhani imechanganyikiwa. Kama injini inawaka, pima pia chaji: kwenye magari mengi huwa kati ya volti 13.5 na 14.7. Kisha geuza multimita iwe kwenye volti za AC na upime palepale kwenye betri. Ukiona nusu volti au zaidi, dayodi za alteneta zimechoka na uchafu huo wa umeme unafika hadi kwenye kompyuta.

2. Washa swichi bila kupiga stata, tazama taa ya injini kwenye dashibodi. Ikiwaka, kuna dalili kuwa kompyuta imeamka. Isipowaka kabisa, ama haipati umeme, ama balbu imeungua, ama kuna mtu aliichomoa ili auze gari. Usifunge kesi kwa taa hii peke yake, kwa sababu kwenye magari ya karibuni dashibodi huweza kuiwasha yenyewe inapokosa kuisikia kompyuta.

3. Chomeka mashine ya kodi. Andika kila kodi na usifute chochote. Hizi ndizo zinazoinyooshea kidole kompyuta yenyewe:

- P0601, P0604, P0605: hitilafu ya kumbukumbu za ndani.
- P0606: hitilafu ya prosesa.
- P0603: kumbukumbu ya muda imepotea. Hii hujitokeza hata kwa sababu betri ilichomolewa, usiitilie maanani sana.
- P0685: saketi ya rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) inayoilisha kompyuta. Hapa anza na rilei.
- U0100: vifaa vingine vinalalamika kwamba haviipati kompyuta ya injini.

Mashine isipowaka kabisa, pima soketi: pini 16 iwe na umeme wa betri, pini 4 na 5 ziwe ethi. Kwenye magari mengi fyuzi ya pini 16 ndiyo hiyohiyo ya kiwashio cha sigara, na huungua mtu anapochomeka chaja mbovu ya simu. Kama mashine inawaka lakini haipati mawasiliano, zima swichi, chomoa betri, upime omu kati ya pini 6 na 14. Kwenye mfumo wa CAN, ule wa nyaya mbili ambazo kompyuta za gari huongelea, utegemee karibu omu 60, kwa sababu kuna vizuizi viwili vya omu 120 vilivyofungwa sambamba. Ukipata 120, kimoja hakionekani: ama waya umekatika, ama kifaa kinachokibeba kimechomolewa au kimekufa, na mara nyingi kifaa hicho ni kompyuta ya injini. Ukipata karibu sifuri, nyaya mbili zimegusana. Magari yenye kifaa cha kupitisha mawasiliano nyuma ya soketi hayatakupa jibu hili hapo. Fuata mchoro upime mbele zaidi.

4. Kagua fyuzi na rilei kuu. Usitazame fyuzi kwa macho. Ipime pande zote mbili ikiwa mahali pake na swichi imewashwa. Rilei badilishana na nyingine ya namba hiyohiyo, mfano ya honi, uone kama hali inabadilika.

5. Pima umeme unaoingia kwenye kompyuta yenyewe, ukiwa na mzigo. Hapa ndipo wanaoanza hukosea zaidi. Multimita haivuti umeme wa maana, kwa hiyo waya uliobaki na uzi mmoja tu wa shaba bado utakuonyesha volti 12 safi. Chomoa soketi ya kompyuta, tafuta kwenye mchoro pini zote za umeme (ule wa kudumu, ule wa swichi na ule unaotoka kwenye rilei kuu), kisha washa balbu yako kwa kila mmoja. Iwake kwa nguvu kama inavyowaka ukiiweka moja kwa moja kwenye betri. Ikififia, umeupata ugonjwa, na haumo kwenye kompyuta.

Angalizo: rilei kuu mara nyingi huamrishwa na kompyuta yenyewe. Ukiwa umeichomoa, rilei haitavuta mpaka uifungie ethi kwa waya kwenye pini inayoonyeshwa na mchoro. Wengi hupima, wakakosa umeme, wakaanza kufukuza tatizo ambalo halipo.

6. Pima ethi. Soketi ikiwa imechomekwa, weka waya mmoja wa multimita kwenye hasi ya betri na mwingine upitishe kwa nyuma ya soketi hadi kwenye pini ya ethi ya kompyuta. Piga stata. Usomaji ubaki chini ya volti 0.1. Ukizidi, fuata waya mpaka unapofungwa: mara nyingi ni boliti kwenye bloku la injini au kwenye bodi, iliyopakwa rangi au kuachwa wazi baada ya injini au giaboksi kushushwa. Niliwahi kuhangaika siku nzima na pikapu ya dizeli iliyokuwa ikizimika kwenye matuta; waya wa ethi ulikuwa umefungwa juu ya bracketi iliyopakwa rangi mpya. Ilitosha msasa na boliti.

7. Pima volti 5 za sensa. Nilipaswa kuandika hatua hii kwa wino mwekundu. Kompyuta huzalisha volti 5 na kuzigawa kwa sensa nyingi: pedali ya mafuta, presha ya hewa, presha ya mafuta kwenye reli na nyinginezo. Sensa moja ikipiga shoti ndani, au waya wake ukichubuka na kugusa bodi, volti hizo huanguka kwa wote wanaogawana. Injini inakataa kuwaka, wakati mwingine mashine ya kodi haipati hata mawasiliano, na kila anayepita anasema kompyuta imekufa.

Chomoa soketi ya sensa yoyote yenye nyaya tatu, washa swichi, tafuta waya wa volti 5. Ukipata kati ya 4.9 na 5.1, pita. Ukipata sifuri au volti moja na kitu, acha multimita palepale na uanze kuchomoa sensa nyingine moja baada ya nyingine. Ile utakayochomoa na volti 5 zikarudi ndiyo mchawi wako. Ukimaliza zote bila mabadiliko, chomoa waya wa volti 5 kutoka kwenye soketi ya kompyuta na upime kwenye pini ya kompyuta yenyewe. Zikirudi, waya una shoti njiani. Zisiporudi, na hatua ya 5 na 6 zilikuwa safi, sasa una ushahidi wa kweli dhidi ya kompyuta. Kumbuka baadhi ya kompyuta zina saketi mbili au tatu za volti 5 zinazojitegemea. Ipime kila moja.

8. Silinda moja ikiwa imekufa, pima inachoamrisha kompyuta. Kwenye petroli, hamisha koili na injekta kwenda silinda nyingine. Ugonjwa ukihama navyo, ni koili au injekta. Ukibaki, chomeka kibalbu cha kupimia injekta, piga stata, uone kama kinamweka. Kisipomweka na waya ni mzima hadi kwenye kompyuta, transista ya ndani (swichi ya elektroniki inayoiamrisha injekta) imeungua.

Usiishie hapo. Transista haiungui bila sababu. Pima omu za injekta na koili zote: injekta nyingi za petroli husoma kati ya 11 na 16, na upande wa msingi wa koili zisizo na elektroniki ndani huwa chini ya omu 2 hivi. Ukiifunga kompyuta mpya juu ya koili yenye shoti, nayo utaizika wiki hiyohiyo.

Kwenye dizeli za komoni reli (zile ambazo reli moja ya mafuta ya presha kubwa hulisha injekta zote), usiguse wala kuchoma nyaya za injekta injini ikiwa inazunguka. Kompyuta huzipa injekta msukumo wa volti zinazozidi 60, na za aina ya piezo hupita 100. Huko si mahali pa balbu ya kupimia.

9. Tikisa, pasha moto, nusa. Kwa ugonjwa unaokuja na kuondoka, acha injini iwake huku ukitikisa wayaringi kidogo kidogo kuanzia kwenye kompyuta. Ukishindwa, pasha boksi joto kwa mashine ya kukaushia nywele, kiasi cha mkono kuvumilia. Injini ikizimika kila ukipasha na kuwaka kila ikipoa, lehemu imepasuka ndani. Mwisho chomoa soketi: ukoga wa kijani kwenye pini ni maji, harufu kali ya kuungua ni shoti. Boksi za miaka ya 1990 zina ugonjwa wao, kapasita zinazovuja na kula njia za shaba. Hizo hutengenezeka vizuri zikiwahiwa.

## Sehemu ya pili: kupata kompyuta inayofaa

Kuna njia tatu. Kutengeneza ya kwako ndiyo ninayoipendelea kama bodi ya saketi ndani haijalika, maana inabaki na data zote za gari. Kununua iliyotumika na kunakili data kutoka ya zamani hufanya kazi vizuri, mradi kumbukumbu za ya zamani bado zinasomeka. Kununua mpya ni safi kuliko zote, lakini huja tupu au nusu tupu: inahitaji programu, namba ya chesisi na kuoanishwa na funguo.

Namba ya kifaa kwenye kibandiko lazima ilingane yote, pamoja na herufi za mwisho. Boksi mbili zinaweza kufanana umbo na soketi huku moja ni ya giaboksi ya mkono na nyingine ya otomatiki. Usikubali neno "itaingia tu".

Suala la imobilaiza (kinga ya wizi inayozuia injini kuwaka bila ufunguo wake) ulimalize kabla hujatoa pesa. Kompyuta iliyotoka kwenye gari jingine inakumbuka funguo za gari lile. Ama ununue seti nzima (kompyuta, boksi la imobilaiza na ufunguo), ama umpate mtu mwenye vifaa vya kunakili au kuoanisha. Na hakikisha ina karatasi za mauzo. Boksi la wizi litakuletea shida isiyohusu umeme.

## Sehemu ya tatu: kubadilisha

10. Toa kilichomo kwenye ya zamani. Kama bado inaongea, hifadhi kodi, namba ya programu na, kwa dizeli, kodi za injekta. Kila injekta ya komoni reli ina herufi na namba zake zilizochapwa juu, na kompyuta inazihitaji. Zipige picha kwenye injekta zenyewe pia. Redio yenye namba ya siri, iandike.

11. Zima swichi, toa ufunguo, subiri dakika kadhaa, kisha chomoa hasi ya betri. Subiri tena dakika chache kabla ya kufungua paneli, hasa ukipita karibu na soketi za njano. Hizo ni za mikoba ya hewa, ziache.

12. Ifikie kompyuta. Kwenye pikapu nyingi iko nyuma ya sanduku la dashibodi upande wa abiria, au kwenye ukuta kati ya injini na kabini, au karibu na betri. Baadhi ya dizeli kubwa, kama Ram zenye injini ya Cummins ya lita 5.9, wameifunga ubavuni mwa bloku lenyewe.

13. Gusa chuma tupu cha bodi kabla ya kushika boksi, ili umeme tuli wa mwilini utoke. Fungua kufuli la soketi, vuta wenzo mpaka mwisho, soketi itoke yenyewe. Ukijikuta unavuta nyaya, umekosea. Rudi utafute kufuli la pili.

14. Kagua pini za wayaringi kwa tochi. Iliyopinda inyooshe taratibu, yenye ukoga isafishe. Kama maji ndiyo yaliyoua ya zamani, tafuta yalikopitia na uzibe sasa hivi.

15. Funga mpya. Rudisha boliti zote na bracketi zake, kwa kuwa kwenye baadhi ya magari gamba la boksi hutegemea boliti hizo kwa ethi. Soketi iingie mpaka wenzo ulie. Hasi ya betri iwe ya mwisho kurudi.

16. Programu na oanisha. Betri iungwe kwenye chaja tulivu inayoshikilia volti 13 na kitu muda wote. Chaja ya kawaida ya gereji yenye umeme wa mawimbi haifai hapa. Zima taa, feni na redio. Volti zikianguka katikati ya kazi hii, kompyuta mpya inaweza kugeuka tofali, yaani kufa kabisa, palepale. Weka programu, namba ya chesisi, funguo, kisha kodi za injekta.

17. Ifundishe. Magari mengi yanataka kompyuta ijifunze upya nafasi ya throto (kilango cha hewa ya injini), na mengine sensa ya krenki. Fanya kwa mashine kama mtengenezaji anavyoelekeza. Kisha washa, acha injini ipate joto lake bila kukanyaga mafuta, futa kodi, endesha kilomita kadhaa kwa mwendo mchanganyiko, na usome kodi tena.

## Ikigoma

Inawaka sekunde moja au mbili kisha inazimika. Imobilaiza. Tazama taa ya ufunguo au kufuli kwenye dashibodi. Ikimweka, kuoanisha hakujakamilika.

Inapiga stata, haiwaki, na taa ya injini haionekani. Soketi haijafika mwisho, au hukurudisha fyuzi. Rudi hatua ya 5.

Injini inapanda na kushuka mzunguko ikiwa imesimama. Throto haijafundishwa, au ni chafu. Isafishe kwanza, kisha rudia hatua ya 17.

Dizeli inagonga na kutoa moshi kuliko zamani. Kodi za injekta hazikuingizwa au zimepishana silinda.

Giaboksi ya otomatiki inapiga kishindo ikibadili gia. Kwenye magari ambayo kompyuta moja inaendesha injini na giaboksi, inajifunza upya. Ipe muda wa safari chache, kisha tafuta utaratibu wa kuifundisha kwa mashine.

Alteneta imeacha kuchaji. Kwenye baadhi ya pikapu, za Dodge kwa mfano, chaji inaamrishwa na kompyuta ya injini. Kagua waya wake kabla ya kununua alteneta.

Ugonjwa uleule umerudi vilevile. Basi haikuwa kompyuta. Rudisha ya zamani kama bado unayo, na uanze hatua ya 7 ukiwa na mtu wa kukushikia multimita huku wewe unachomoa sensa.